Kupanga masomo ya shahada ya kwanza ya fizikia kuanzia mwisho kurudi mwanzo

Mwanafunzi anayeingia kwenye shahada ya kwanza ya fizikia hupewa orodha ya masomo iliyogawanywa kwa mihula, naye huisoma kuanzia juu kwenda chini, akijiandikisha kwa masomo ya muhula wa kwanza na kuyaacha mengine yasubiri zamu yake. Njia hiyo haina ubaya ikiwa chuo kimempangia kila kitu, na ikiwa yeye mwenyewe hatafeli, hataugua, hatabadili nia wala kukuta masomo mawili anayoyahitaji yamewekwa saa ileile. Ninayoyaeleza hapa ni kwa ajili ya wengine wote. Shauri langu ni kwamba orodha isomwe kutoka chini kwenda juu, na kwamba anayepanga ayatazame masomo ya hisabati kabla ya kuyatazama ya fizikia, kwa sababu hisabati ndiyo inayoamua somo gani la fizikia litawezekana katika muhula upi.

Masomo ya mwisho kwanza

Vyuo hutofautiana kwa majina ya masomo na kwa mpangilio wake, lakini karibu kila shahada ya fizikia inasimama juu ya nguzo nne: mekanika, yaani elimu ya mwendo na kani; usumakuumeme, yaani ya umeme na sumaku; themodinamiki, yaani ya joto, pamoja na mekanika takwimu, inayolieleza joto kwa wingi wa chembe; na mekanika ya kwanta, inayohusu atomu na chembe ndogo. Kila nguzo hufundishwa walau mara mbili. Mara ya kwanza mwanafunzi huipitia katika masomo ya utangulizi, kwa mifano mingi na hisabati nyepesi. Mara ya pili huirudia kwa hisabati kamili, na hapo ndipo somo lenyewe linapoanza kuonekana lilivyo. Kurudia huko huwashangaza wengi, hasa wale wanaodhani kwamba mekanika waliimaliza mwaka wa kwanza, kisha wakaikuta tena mwaka wa tatu ikiwa na sura wasiyoitambua.

Sababu ya kurudia inafaa kueleweka, maana inasaidia kupanga. Newton alichapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687, na katika kanuni hizo kinachohesabiwa ni kani zinazosukuma na kuvuta. Lagrange, miaka 101 baadaye, yaani mwaka 1788, aliyaeleza yaleyale kwa kutumia nishati, na katika miaka ya 1830 Hamilton akaipa hesabu hiyo umbo jingine tena. Mtu angeweza kusema kwamba ni njia tatu za kufika palepale. Lakini mekanika ya kwanta ilipojengwa mwaka 1925 na 1926, haikujengwa juu ya kani za Newton. Ilijengwa juu ya umbo la Hamilton, na mlinganyo wa Schrödinger, ulio mlinganyo mkuu wa somo hilo na unaofundishwa wiki zake za mwanzo, hauna mahali popote palipoandikwa kani. Kwa hiyo anayeahirisha mekanika ya juu hadi baada ya mekanika ya kwanta atafundishwa na mhadhiri anayesema kila mara "kama mnavyokumbuka", ilhali yeye hana cha kukumbuka.

Kazi ya kwanza, basi, ni hii. Chukua karatasi kubwa, uilaze kwa upana, na upande wa kulia kabisa uandike masomo ya juu ya nguzo zote nne pamoja na mradi wa mwisho kama chuo chako kinaudai. Kutoka kila somo chora mshale kurudi kushoto hadi kwenye masomo yanayotakiwa yawe yamefaulishwa kabla yake, na kutoka kwa hayo uendelee kurudi nyuma mpaka ufike kwenye masomo yasiyodai kitu chochote. Masharti hayo ya awali yameandikwa kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo. Usiishie hapo, kwa sababu mwongozo hutaja kinachotakiwa na ofisi ya usajili, na mara nyingi hukaa kimya kuhusu kile ambacho mhadhiri anakitegemea. Muulize mwanafunzi aliyelimaliza somo hilo mwaka uliopita swali moja tu: ni hisabati gani ilikukuta hujajiandaa? Jibu lake liongeze kwenye karatasi kwa mshale wa nukta nukta.

Mnyororo wa hisabati

Ukishamaliza kuchora utaona kwamba mishale mingi inaishia kwenye masomo machache ya hisabati. Ya kwanza ni kalkulasi ya kigeu kimoja, ambayo kwa kawaida huchukua mihula miwili: mmoja wa kutafuta kasi ya mabadiliko, mwingine wa kujumlisha vipande vidogo vidogo. Baada yake huja kalkulasi ya vigeu vingi na vekta, kisha milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayoeleza kitu kwa namna kinavyobadilika. Kando ya njia hiyo kuna aljebra mstari, yaani elimu ya vekta na matriksi, ambayo mara nyingi haidai hata kalkulasi na ndiyo maana wanafunzi huiona haina haraka. Mwishoni huja somo ambalo vyuo vingi huliita mbinu za hisabati kwa wanafizikia, lenye namba changamano (zinazotumia mzizi wa −1), mifululizo ya Fourier (kuvunja wimbi lolote kuwa mawimbi sahili) na funksheni maalumu zinazojirudia katika fizikia.

Nitakaa kidogo kwenye aljebra mstari, maana ni somo ambalo mimi mwenyewe nililiahirisha. Niliona halina uhusiano na fizikia niliyoijua wakati ule. Mekanika ya mwaka wa kwanza ilitosheka na vekta chache na uchoraji wa mishale, nami nikachukua nafasi ile kwa somo la hiari lililonivutia zaidi. Nilipoingia mekanika ya kwanta, mhadhiri aliandika ubaoni matriksi ndogo ya safu mbili: safu ya juu ina 0 na 1, ya chini ina 1 na 0. Akaizidisha na vekta (1, 1) na kupata (1, 1) ileile. Akaizidisha na (1, −1) na kupata (−1, 1), ambayo ni vekta ileile ya pili ikiwa imezidishwa kwa −1. Vekta ambazo matriksi haizitoi kwenye mstari wake, ila inazizidisha tu kwa namba, ndizo vekta zake maalumu, na namba zenyewe, hapa 1 na −1, ndizo thamani zake maalumu. Hesabu hiyo ni ya dakika moja kwa aliyesoma aljebra mstari. Kisha akasema kwamba matriksi hiyo inawakilisha upimaji wa spini ya elektroni, sifa yake inayofanana na kujizungusha, kwenye mhimili mmoja, na kwamba 1 na −1, kwa kizio kinachofaa, ndiyo majibu mawili pekee ambayo kifaa kinaweza kuyatoa. Wenzangu waliandika na kuendelea. Mimi nilitumia wiki tatu usiku nikijifunza peke yangu kile ambacho kingefundishwa kwa utulivu mwaka mmoja na nusu kabla, na katika wiki hizo tatu fizikia yenyewe ilinipita. Kwa hiyo ningemshauri yeyote aiweke aljebra mstari mwaka wa kwanza, au mapema mwaka wa pili, hata kama mwongozo unamruhusu kuingoja.

Usumakuumeme una deni la aina hiyohiyo kwa kalkulasi ya vekta. Milinganyo minne ya Maxwell, katika umbo linalofundishwa leo, inaeleza mambo mawili kuhusu uga, yaani nguvu ya umeme au ya sumaku iliyoenea kila mahali katika nafasi: unatawanyika kiasi gani kutoka mahali fulani, na unazunguka kiasi gani kupazunguka. Mtu anayekutana na maana ya kutawanyika na kuzunguka huko siku ileile anapokutana na uga wa umeme wenyewe anajifunza lugha na habari kwa wakati mmoja, na kwa kawaida hushika moja tu. Lakini pia kuna faida inayokwenda mbele. Katika usumakuumeme wa juu mwanafunzi hutafuta uga unaozunguka tufe lenye chaji kwa kuutenganisha mlinganyo mmoja mgumu kuwa mitatu miepesi, kila mmoja ukiwa na kigeu chake; muhula mmoja baadaye, katika mekanika ya kwanta, huitenganisha atomu ya hidrojeni kwa njia hiyohiyo na kukuta kwamba majibu ya upande wa pembe ni funksheni zilezile. Aliyepitia usumakuumeme kwanza huiona sura hiyo kama marudio. Asiyepitia huiona kama ukuta. Ratiba ikikulazimisha kuchagua kati ya hayo mawili, tanguliza usumakuumeme.

Sasa hesabu mnyororo mrefu kuliko yote kwenye karatasi yako. Mara nyingi utakuwa huu: kalkulasi ya kwanza, kalkulasi ya pili, kalkulasi ya vekta, mbinu za hisabati, usumakuumeme wa juu sehemu ya kwanza, usumakuumeme wa juu sehemu ya pili. Hizo ni pingili sita, na kila moja inadai iliyotangulia. Kwenye shahada ya miaka mitatu yenye mihula sita, mnyororo huo unaijaza shahada nzima bila kubakiza hata muhula mmoja. Kwenye shahada ya miaka minne unabakiza mihula miwili. Huo ndio upenyo wako wote, hata kama idadi ya masomo inaonekana ndogo na ratiba inaonekana kuwa na mianya. Masomo yasiyo kwenye mnyororo huo unaweza kuyasogeza huku na huko bila madhara makubwa. Yaliyo kwenye mnyororo hayasogei.

Liko jambo jingine linaloukaza mnyororo. Idara nyingi za fizikia ni ndogo, na masomo yake ya juu hutolewa mara moja tu kwa mwaka, mengine hata mwaka mmoja ndani ya miwili. Anayefeli pingili inayotolewa muhula wa kwanza pekee hasubiri muhula mmoja, husubiri miwili, na kila kilicho mbele yake husubiri pamoja naye. Kabla ya kujaza muhula wowote tafuta masomo ya namna hiyo, uyaandike kwa wino mwekundu katika mihula yake, halafu mengine yote uyapange kwa kuyazunguka. Kwa mwanafunzi anayeanza kalkulasi akiwa na msingi dhaifu, ningesema wazi kwamba ni afadhali achukue somo la matayarisho wakati wa likizo au hata akubali kuongeza muhula tangu mwanzo, kuliko kuingia akiwa na matumaini tu. Muhula ulioongezwa kwa hiari mwanzoni ni mwepesi kuliko mwaka uliopotea katikati.

Uzito wa muhula mmoja

Krediti hazipimi ugumu, ila zinasaidia kukadiria muda. Katika mfumo wa pamoja wa Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote: mihadhara, mazoezi, maabara, kujisomea na mitihani. Muhula wa krediti 30 basi ni saa 750 hadi 900. Ukizigawa kwa wiki 18, pamoja na wiki za mitihani, unapata kati ya saa 42 na 50 kwa wiki. Katika mfumo wa Marekani, ambako shahada ya miaka minne kwa kawaida hufikia krediti 120, kila krediti huchukuliwa kuwa saa moja ya darasani na saa mbili za nje ya darasa kwa wiki, na krediti 15 za muhula hutoa saa 45. Mifumo miwili iliyotungwa mbalimbali inatoa jibu karibu sawa: muhula kamili ni kazi ya wiki nzima. Mwenye ajira ya saa 20 kwa wiki hana budi kupunguza krediti, na ni bora apunguze kwa mpango kuliko apunguziwe na mtihani.

Idadi ya saa haitoshi, hata hivyo, kwa sababu saa za masomo mbalimbali hazichoshi kwa namna moja. Somo la nadharia lenye mazoezi ya kila wiki hula akili ile inayofanya kazi asubuhi tu. Somo la maabara hula mchana na jioni za kuandika. Somo la jumla lenye insha hula siku za mwisho wa muhula. Kanuni ninayoifuata ninapowasaidia wengine ni kwamba muhula mmoja usibebe zaidi ya masomo mawili ya nadharia nzito. Mekanika ya kwanta na usumakuumeme wa juu wanaweza kukaa pamoja. Ukiongeza mekanika takwimu juu yake, zoezi moja litakuwa likiandikwa usiku wa kuamkia siku ya kulikusanya, na litaandikwa kwa kunakili. Nafasi ya tatu ijazwe na maabara au somo la hiari, na ya nne na kitu kisicho na mazoezi ya kila wiki.

Kuhusu mekanika takwimu kuna jambo dogo la mpangilio ambalo miongozo mingi huliacha kwa mwanafunzi. Themodinamiki ya kawaida, ile ya joto, kazi na injini, unaweza kuisoma wakati wowote baada ya kalkulasi ya vigeu vingi. Mekanika takwimu ni nyingine. Hesabu zake huwa rahisi zaidi pale nishati inapokuja kwa ngazi zinazohesabika, na wazo hilo la ngazi, ambalo Planck alilianzisha mwaka 1900 alipokuwa akichunguza mnururisho, yaani mwanga na joto vinavyotoka kwenye vitu vyenye joto, hupata maelezo yake kamili katika mekanika ya kwanta. Kwa hiyo kabla ya mekanika takwimu, walau fizikia ya kisasa ya mwaka wa pili, yaani somo la utangulizi lenye mawazo ya kwanza ya kwanta, iwe imepita.

Maabara, takwimu na kompyuta

Hapa ndipo mipango mingi inapopwaya, kwa sababu masomo haya yana krediti chache na hayako kwenye mnyororo mrefu. Mchana mmoja wa maabara wa saa tatu huzaa, kwa makadirio yangu, saa tano hadi nane za kuchambua na kuandika ripoti, na saa hizo huwa ndefu zaidi kwa mtu ambaye hajawahi kufundishwa kushughulika na makosa ya upimaji.

Mfano wake ni mdogo. Mwanafunzi ananing'iniza kipande cha chuma kwenye uzi wa mita moja ili apime mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde. Pendulamu ya urefu huo inakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Mkono wake kwenye saa unachelewa au kuwahi, tuseme, kwa sekunde 0.2. Akipima mbembeo mmoja, kosa lake ni asilimia 10. Akipima mibembeo 20 kwa mpigo, ikachukua sekunde 40 hivi, kosa ni lilelile la sekunde 0.2 lakini limegawanywa kwa mibembeo 20, na linabaki asilimia nusu. Mpaka hapo hata asiyesoma kalkulasi anaelewa. Lakini mchapuko unapatikana kwa kugawanya kwa mraba wa muda wa mbembeo, na mraba huo unalizidisha kosa dogo mara mbili: asilimia nusu inakuwa asilimia moja, na ile asilimia 10 inakaribia 20, kiasi cha kulifanya jibu lolote kati ya 8 na 12 (mita kwa sekunde, kila sekunde) lionekane sahihi. Kisha kuna kosa la kupima uzi, nalo linaingia bila kuzidishwa. Kujua lipi linazidishwa, lipi halizidishwi, na yanajumlishwaje, ni kalkulasi ya vigeu vingi ikikutana na takwimu. Anayezisoma hizo mbili kabla ya maabara ya mwaka wa pili huandika ripoti kwa nusu ya muda, na huenda hata akapima vizuri zaidi, maana anajua mapema juhudi ziende kwenye saa au kwenye rula.

Uandishi wa programu nao uwekwe mwaka wa kwanza. Lugha yenyewe si jambo kubwa; Python inatumika sana na ina zana nyingi tayari, lakini anayeijua lugha moja hujifunza nyingine. Kilicho muhimu ni kwamba awe ameandika, kwa mkono wake, programu inayofuata mwendo wa kitu hatua kwa hatua, na akaona inavyodanganya. Chukua uzito kwenye springi, uufuate kwa njia nyepesi kuliko zote: mahali papya ni mahali pa zamani pamoja na kasi mara muda wa hatua, kasi mpya ni kasi ya zamani pamoja na mchapuko mara muda huohuo. Ukichagua hatua inayogawanya mzunguko mmoja kuwa sehemu 63 hivi, nishati ya springi itaongezeka kwa asilimia moja kila hatua, na mwisho wa mzunguko mmoja tu itakuwa imefika karibu mara 1.87 ya ilivyoanza. Springi imejipatia nishati kutoka hewani. Badilisha mstari mmoja, ili mahali papya pahesabiwe kwa kasi mpya badala ya ya zamani, na nishati itatulia, ikipanda na kushuka kidogo bila kukimbia. Mwanafunzi aliyeliona hilo mwaka wa kwanza huwa na shaka yenye afya kwa kila grafu inayotoka kwenye kompyuta, na shaka hiyo atakuja kuihitaji kwenye mradi.

Masomo ya hiari

Chagua kwa kutazama unakotaka kutokea, na kama hujui, chagua yanayofungua milango zaidi ya mmoja. Anayelenga utafiti wa nadharia aongeze mekanika ya kwanta ya pili, uchambuzi wa namba changamano na, kama ipo, nadharia ya Einstein ya mvutano. Anayelenga fizikia ya tiba atahitaji fizikia ya kiini na mnururisho pamoja na misingi ya mwili wa binadamu. Wa jiofizikia, mawimbi na jiolojia. Wa ualimu, masomo ya elimu ambayo mara nyingi yana mnyororo wake mrefu wa mafunzo ya vitendo na hayakubali kuanzwa mwaka wa mwisho. Fizikia ya yabisi ni chaguo zuri kwa karibu kila mtu, ila inadai mekanika ya kwanta na mekanika takwimu zote mbili, na hivyo hukaa mwishoni. Takwimu na uandishi wa programu, kama zimekwisha pangwa mapema, zitamfaa hata anayeondoka kwenye fizikia kabisa.

Ninachokionya ni kukusanya masomo yenye majina makubwa. Nimewaona wanafunzi wakijiandikisha kwa fizikia ya chembe ndogo kabisa muhula uleule wanaoanza mekanika ya kwanta, kwa kuvutiwa tu na jina, wakatoka na picha za michoro na alama za chini.

Mradi wa mwisho

Mradi, mahali unapodaiwa, huchukua nafasi ya somo moja kwenye ratiba na ya masomo mawili kwenye maisha. Anza kumtafuta msimamizi mihula miwili kabla. Nenda ukiwa na maswali mahususi: mradi huu unahitaji programu gani, kifaa gani, na hisabati gani ambayo sijasoma? Jibu la swali la tatu huenda likabadilisha somo moja la hiari la muhula unaofuata, na ndiyo sababu ya kwenda mapema. Muhula wa mradi wenyewe uachie nafasi, hata kama krediti zinaonyesha kwamba unaweza kubeba somo jingine, kwa kuwa vifaa huharibika na data hukataa kutii.

Mpango ukivurugika

Mpango utavurugika. Somo litaahirishwa kwa kukosa mhadhiri, au utafeli, au utagundua mwaka wa pili kwamba unaipenda hisabati kuliko fizikia. Karatasi yenye mishale ndiyo inayokwambia madhara yamefika wapi. Somo lililoanguka kama halimo kwenye mnyororo mrefu, lisogeze na uendelee. Kama limo, usikimbilie kurundika masomo matatu ya nadharia muhula unaofuata ili ufidie. Fuata mshale mmoja mmoja uone ni masomo gani kweli yamefungwa na yapi bado yako wazi, kisha utumie mihula hiyo kusogeza mbele maabara, hiari na masomo ya jumla, ili pingili zikifunguka uwe na nafasi ya kuzibeba. Uliza pia kama chuo kinaruhusu kusoma pingili iliyofeliwa kwingine wakati wa likizo na kuihamishia krediti, na upate jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Anayehamia fizikia kutoka kozi nyingine, kwa mfano uhandisi, kwa kawaida ana kalkulasi na mekanika ya kutosha, na hukosa fizikia ya kisasa, aljebra mstari ya kina au maabara za mwaka wa pili. Achore karatasi yake kuanzia kulia kama mwingine yeyote, halafu ayakate kwa kalamu yale aliyokwisha kuyafaulu. Mara nyingi atakuta mnyororo uliobaki ni wa pingili tatu au nne, mfupi kuliko alivyoogopa.

Kila mwisho wa muhula, kabla ya usajili kufunguliwa, toa karatasi, kata yaliyopita, na uhesabu upya mnyororo mrefu uliobaki ukilinganisha na mihula iliyobaki. Ukikuta pingili zimelingana na mihula, nenda kwa mshauri wako wa masomo wiki hiyohiyo ukiwa na karatasi mkononi, maana hapo hakuna muhula wa kupoteza tena.